Vyura Wawili, Jina la Mlima Mmoja: Historia ya Maarifa na Mpaka katika Rwenzori, Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vyura wawili waliopewa jina la Mlima Rwenzori kwa kufuatana: chura wa mto Amietia ruwenzorica, aliyetambulishwa mwaka 1972, na chura wa majini Xenopus ruwenzoriensis, aliyetambulishwa mwaka 1973. Ingawa nusu karne imepita, wote wawili waliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe ambao taarifa zao hazitoshi. Makala yanaonesha kuwa upungufu huo una historia yake. Ulitokana na mpaka wa kikoloni uliogawa mlima, lugha zilizotumika kuandika matokeo ya utafiti, na mgawanyo wa kazi uliompa mwenyeji mzigo wa kubeba na kumpa mgeni haki ya kutaja. Makala yanahitimisha kwamba Kiswahili, ambacho tayari kinatumika katika masoko ya Kasese, Bwera na Kasindi, kinaweza kuwa lugha ya pamoja ya kufuatilia hali ya vyura na mito ya Rwenzori, endapo kitapewa istilahi na nafasi katika taasisi husika.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kasese umekaa chini ya miteremko ya mashariki ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Ukielekea kusini-magharibi, barabara hufika Bwera, na karibu na hapo ni Mpondwe, ambako mto Lhubiriha hutenganisha Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo ya mto ni Kasindi. Bakonzo wa upande wa Uganda na Banande wa upande wa Kongo wana lugha zinazokaribiana sana, wana undugu wa damu na wa ndoa, na siku za soko huvuka mpaka wakiwa na mizigo ya vyakula, nguo na samaki. Katika biashara hiyo Kiswahili husikika pande zote mbili.

Mito inayopita katika maeneo haya huanzia mlimani. Nyamwamba hupita Kilembe na Kasese. Mubuku na Nyamughasana hutelemkia tambarare. Lhubiriha huwa mpaka. Juu ya mito hiyo kuna misitu, mianzi, vinamasi na, kileleni kabisa, mabaki ya barafu. Vyura wa mlima huu wanategemea maji hayohayo yanayotegemewa na wakazi wa bondeni. Ngozi ya chura hupitisha maji na kemikali kwa urahisi, na viluwiluwi vyake hukulia majini. Kwa sababu hiyo chura hupata madhara ya maji machafu mapema kuliko wanyama wengi.

Swali linaloongoza makala haya ni la kihistoria: imekuwaje viumbe wanaobeba jina la mlima unaojulikana duniani kote wabaki bila kujulikana hata katika mambo ya msingi, kama vile idadi yao, mipaka ya makazi yao na hali ya maji wanamoishi? Jibu la kawaida ni kwamba mlima ni mrefu, una mvua nyingi na haufikiki kwa urahisi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Watu walifika mlimani, sampuli zilikusanywa, na vitabu vikaandikwa. Linalohitaji kuchunguzwa ni maarifa hayo yalikwenda wapi, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani.

2.0 Mlima uliogawanywa

Henry Morton Stanley aliuona mlima huu mwaka 1888 na kulieneza jina la Ruwenzori huko Ulaya. Jina lenyewe huhusishwa na neno la Kikonzo nzururu, yaani theluji. Mwaka 1900 Harry Johnston, kamishna wa Uingereza nchini Uganda, alipanda miteremko yake, na mwaka uliofuata George Albert Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza alimpa kinyonga mmoja wa Rwenzori jina la Johnston. Mfano huo unaonesha utaratibu uliotawala kwa miongo mingi: mnyama anakamatwa mlimani, anawekwa katika spiriti, anasafirishwa London, na huko anapewa jina linalomkumbuka mtawala au mtafiti.

Katika miaka ya 1905 na 1906 Makumbusho ya Uingereza yalipeleka msafara wa kukusanya wanyama na mimea. Mwezi Juni 1906 mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alifika kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109. Misafara hii yote iliwategemea wapagazi. Wakazi wa miteremko walijua njia, mapango ya kujikinga na mvua, na mahali pa kuvukia mito. Walibeba vyakula, mahema na masanduku ya sampuli. Mpangilio huo uliendelea hata baada ya watalii kuchukua nafasi ya misafara ya makumbusho. Leo kibanda kimoja katika njia ya Bujuku kinabeba jina la John Matte, aliyepanga kazi za wapagazi kwa miaka mingi. Hiyo ni kumbukumbu adimu. Kwa kawaida, majina ya waliobeba masanduku hayakuingia katika majina ya kisayansi ya viumbe waliokuwamo ndani ya masanduku hayo.

Wakati huohuo mlima ulikuwa unagawanywa. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani yaliweka msingi wa mpaka wa sasa, ambao hupita juu ya safu ya vilele na kushuka kusini hadi mto Lhubiriha. Tangu hapo mlima mmoja ukawa na tawala mbili, lugha mbili za ofisi na sheria mbili za misitu. Upande wa magharibi, Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert mwaka 1925, ambayo baadaye ilipanuliwa kaskazini hadi miteremko ya Rwenzori. Ripoti zake zilichapishwa Brussels kwa Kifaransa. Upande wa mashariki, Waingereza waliufanya mlima kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1941, nao waliandika kwa Kiingereza. Uganda huru ndiyo iliyoupandisha hadhi kuwa hifadhi ya taifa, mwaka 1991.

Mpaka huo haukuwazuia vyura, na haukuwazuia wakazi. Uliowazuia ni makarani. Sampuli iliyokusanywa upande mmoja iliingia katika daftari la makumbusho moja, na sampuli ya upande wa pili katika daftari la makumbusho nyingine. Mtafiti aliyetaka kuuona mlima kama kitu kimoja alilazimika kusafiri Ulaya, kwa kuwa huko ndiko pande mbili za Rwenzori zilikoweza kulinganishwa katika maktaba.

3.0 Majina mawili, 1972–1973

Chura wa kwanza anayehusika hapa alitambulishwa na Raymond Laurent, mwanazuolojia wa Ubelgiji aliyewahi kufanya kazi Kongo na baadaye akahamia Argentina. Maelezo yake yalitoka mwaka 1972 katika mfululizo wa ripoti za utafiti wa Hifadhi ya Virunga, jina ambalo Hifadhi ya Albert ilipewa mwaka 1969. Laurent alimwita Rana ruwenzorica. Ni chura wa kando ya mito ya milimani, mwenye miguu mirefu ya nyuma, anayepatikana katika safu ya Rwenzori. Wataalamu wa uainishaji wamelibadilisha jina lake la kwanza, na leo yumo katika jenasi ya Amietia, lakini jina la pili limebaki kama lilivyoandikwa mwaka 1972.

Chura wa pili alitambulishwa kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1973 Tymowska na Fischberg, waliokuwa Geneva, walichapisha utafiti kuhusu kromosomu za vyura wa jenasi ya Xenopus, na humo wakamtaja Xenopus ruwenzoriensis kutoka Bundibugyo, chini ya mlima upande wa kaskazini-magharibi, ndani ya Uganda. Huyu huishi majini karibu muda wote, hana ulimi, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina makucha meusi. Kilichowashangaza watafiti ni seli zake. Chura wa Rasi, Xenopus laevis, ana kromosomu 36; binadamu ana 46; chura wa Bundibugyo ana 108. Kwa maneno mengine, ana seti kumi na mbili za kromosomu, jambo ambalo ni nadra sana miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Ili kuelewa kwa nini maabara ya Uswisi ilijali kiumbe wa Bundibugyo, ni lazima kukumbuka thamani ya jenasi yake. Kuanzia miaka ya 1930, kutokana na kazi ya Lancelot Hogben aliyefundisha Cape Town, hospitali za nchi nyingi zilimtumia Xenopus laevis kupima mimba: jike aliyedungwa mkojo wa mjamzito alitaga mayai ndani ya muda mfupi. Baadaye Fischberg, akiwa Oxford, alimwongoza mwanafunzi John Gurdon, ambaye kwa kutumia chura huyohuyo alionesha kuwa kiini cha seli iliyokomaa kinaweza kuzalisha kiumbe kipya. Gurdon alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Vyura wa Afrika, kwa hiyo, walikuwa nguzo ya tiba na biolojia ya karne ya 20. Maabara zilimhitaji chura. Hazikuhitaji kijito alimotoka, wala taarifa za mara kwa mara kuhusu kijito hicho.

Majina haya mawili yana jambo moja linalofanana. Yote yamehifadhi tahajia ya zamani, Ruwenzori, ingawa Uganda sasa huandika Rwenzori. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hulinda tahajia ya awali iliyochapishwa kwa usahihi, ili jina lisibadilike kila serikali inapobadilika. Kanuni hiyo ina faida kwa mawasiliano ya wanasayansi. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba historia ya nani aliyetaja kwanza hubaki ndani ya jina daima.

4.0 Agizo la serikali na lugha ya soko

Miaka hiyo miwili ilikuwa na mabadiliko makubwa katika nchi zote mbili. Kongo ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Zaire mwaka 1971, na serikali ya Mobutu ilikuwa ikifuta majina ya kikoloni ya miji, mito na watu. Nchini Uganda, serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka 1973, mwaka uleule chura wa Bundibugyo alipopata jina la Kilatini, ikatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Nchi zilizokuwa zikibadilisha majina kwa maagizo hazikuwa na sauti yoyote katika majina ya vyura wao.

Agizo la mwaka 1973 halikuzaa matunda katika elimu na sayansi. Kiswahili nchini Uganda kilihusishwa na jeshi na polisi, na Waganda wengi walikiogopa kwa sababu hiyo. Katiba ya mwaka 1995 ilikibakisha Kiingereza kuwa lugha rasmi. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kwa masharti yatakayowekwa na Bunge. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza, na mwaka huohuo Kongo ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Kwa mara ya kwanza pande zote mbili za Rwenzori zikawa ndani ya jumuiya moja inayokitambua Kiswahili.

Mpakani Mpondwe mambo hayakusubiri maagizo hayo. Kiswahili kilifika huko kupitia biashara na mahusiano ya kila siku na mashariki ya Kongo. Ni Kiswahili chenye lafudhi na msamiati wa Kikongo, tofauti na cha vitabuni, lakini kinaeleweka. Upungufu wake uko kwingine. Neno chura katika Kiswahili sanifu hubeba vyura wote, wa mtoni na wa nchi kavu, wa ngozi laini na wa ngozi yenye vinundu. Mwalimu wa sekondari ya Bwera anayetaka kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya vyura wawili wenye jina la mlima wao analazimika kutumia Kilatini au Kiingereza. Ofisa wa Kasindi anayetaka kumwandikia mwenzake wa Kasese kuhusu hali ya mto huanza na Kifaransa, ambacho mwenzake huenda hakisomi.

5.0 Maji ya Kasese na Bwera

Umuhimu wa suala hili unaonekana katika mito. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kuchimbwa kwa wingi na kupelekwa Jinja kuyeyushwa. Mgodi ulipodhoofika katika miaka ya 1970 na hatimaye kusimama, uliacha marundo ya mabaki ya madini karibu na mto Nyamwamba. Sehemu ya mabaki hayo ilitumika kuzalisha kobalti kuanzia mwaka 1999, kwa kutumia bakteria wanaoyeyusha madini. Mvua kubwa inaponyesha, mto hupita katika ardhi yenye metali nzito kabla ya kufika kwa watu, mifugo na mashamba.

Mei 2013 Nyamwamba ulifurika na kubomoa nyumba, madaraja na barabara. Mei 2020 mafuriko yalirudi kwa nguvu zaidi: mito kadhaa ya Kasese, Lhubiriha ukiwamo, ilivunja kingo, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Juu kileleni barafu imepungua kutoka zaidi ya kilomita za mraba 6 mwaka 1906 hadi chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii. Kila mabadiliko ya namna hii hubadilisha kasi ya maji, tope, joto na kemikali, yaani mambo ambayo viluwiluwi vya mtoni haviwezi kuyakwepa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1999 wanasayansi walitambulisha kuvu inayoishambulia ngozi ya vyura, ambayo imechangia kupungua na hata kutoweka kwa spishi nyingi katika Amerika na Australia. Kwa muda ilidhaniwa kuwa ilisambazwa kutoka Afrika na biashara ya Xenopus. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2018 ulionesha kuwa asili yake ni Asia ya Mashariki. Mjadala huo ulihitaji sampuli za zamani zenye tarehe na mahali. Ni fundisho la wazi kwa Rwenzori: bila kumbukumbu za miaka iliyopita hakuna namna ya kujua kama ukimya wa vyura katika kijito fulani ni jambo la msimu au ni mwanzo wa kutoweka.

6.0 "Taarifa hazitoshi" kama hali ya kisera

Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kundi la viumbe ambao taarifa zao hazitoshi halimaanishi kwamba kiumbe yuko salama. Linamaanisha kwamba hakuna msingi wa kuamua. Lakini katika ofisi zenye bajeti ndogo, tofauti hiyo hupotea. Fedha huelekezwa kwa sokwe, tembo na watalii; mradi wa barabara, bwawa au mgodi hutathminiwa kwa kuangalia viumbe waliokwisha kutangazwa kuwa hatarini; na chura asiyejulikana hahesabiki. Hivyo ukosefu wa maarifa uliozaliwa na historia hugeuka kuwa sababu ya kutotafuta maarifa.

Vita navyo vilichangia. Harakati za Rwenzururu, zilizotangaza utawala wao mwaka 1962, zilidumu miteremkoni hadi makubaliano ya mwaka 1982. Kati ya 1997 na 2001 hifadhi ya upande wa Uganda ilifungwa kwa sababu ya waasi, na kuanzia 1999 hadi 2004 ilikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Katika vipindi hivyo utafiti wa muda mrefu haukuwezekana kwa mgeni. Mwenyeji aliendelea kuishi huko, kulima, kuchota maji na kusikia vyura usiku, lakini hakuna taasisi iliyomtambua kuwa shahidi.

Kwamba ushirikiano wa haraka unawezekana kulionekana Juni 2019, wagonjwa wa Ebola walipovuka kutoka Kongo na kutibiwa Bwera. Nchi hizo mbili zilipashana habari kwa haraka, na ugonjwa haukuenea Uganda. Hakuna anayedai kuwa chura ana uzito wa uhai wa binadamu. Hoja ni kwamba njia za mawasiliano kati ya Bwera na Kasindi zipo, na zinaweza kubeba pia taarifa za maji. Mkataba wa ushirikiano wa Virunga Kuu, uliotiwa saini mwaka 2015 na Kongo, Rwanda na Uganda, unatoa msingi wa kisheria wa kazi hiyo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya vyura wawili wa Rwenzori inaonesha kwamba kujulikana kwa jina na kujulikana kwa hali ni mambo mawili tofauti. Vyura hawa walipata jina kwa sababu makumbusho na maabara za Ulaya ziliwahitaji. Hali yao haikufuatiliwa kwa sababu hakuna taasisi iliyokuwa na jukumu hilo kwa mlima mzima, wala lugha rasmi iliyowaunganisha wakazi wa pande zake mbili.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, mamlaka za hifadhi za Uganda na Kongo zianzishe daftari moja la uangalizi wa mito ya Rwenzori, linalojazwa kwa Kiswahili na wakazi waliopewa mafunzo katika vituo vya pande zote mbili, Bwera na Kasindi vikiwamo. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyuo vikuu na wazungumzaji wa Kikonzo na Kinande, ikusanye majina ya vyura yanayotumika katika lugha hizo na kuyatumia kama chimbuko la istilahi, badala ya kutafsiri kutoka Kiingereza au Kifaransa pekee. Tatu, nchi husika ziombe nakala za kumbukumbu za sampuli za Rwenzori zilizoko Ulaya, hasa tarehe na mahali pa kukusanywa, ili ziwe kipimo cha kulinganishia hali ya leo.

Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo humfundisha mtu asibabaishwe na maneno ya pembeni, na kwa maana hiyo ni sahihi. Katika bonde la Nyamwamba na kingo za Lhubiriha, hata hivyo, kinachostahili kuwazuia wanywaji ni chura aliyenyamaza, na kwa sasa hakuna daftari la pamoja litakaloonesha ni lini alinyamaza.